Nauza mafuta ya nywele mtandaoni: je, niache kazi ya hospitali?

"Shikamoo mshauri. Mimi ni mfamasia, nina miaka 36, na nimefanya kazi katika hospitali binafsi hapa Dar es Salaam kwa miaka 11. Mshahara unaofika benki ni shilingi 1,400,000. Tangu mwaka jana natengeneza mafuta ya nywele jikoni kwangu Tabata na kuyauza kupitia Instagram na WhatsApp. Chupa moja nauza 18,000 na malighafi yake hunigharimu 6,500, kwa hiyo napata faida ya 11,500. Ndani ya Dar nawapelekea wateja bure, na matangazo nalipia kama 175,000 kwa mwezi. Mwezi wa kawaida nauza chupa 70, wengi wao wafanyakazi wenzangu na ndugu. Desemba niliuza 130. Wateja wanayapenda kwa sababu yanatibu mba na kuotesha nywele. Nimepiga hesabu kwamba nikipata muda wote nitafikisha chupa 150, na hapo nitakuwa nimeupita mshahara wangu. Nina wafuasi 9,000 na akiba ya milioni 6, na natarajia kuchukua michango yangu ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ili niagize China chupa zenye nembo yangu. Zamu za usiku zimenichosha mno, silali vizuri hata nikiwa nyumbani. Mume wangu anasema nisubiri, mama anasema nimesoma bure. Je, niache kazi mwezi ujao? Na jina la biashara nimeshalisajili kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, je, hilo linatosha?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona ndani yake maswali mawili yaliyofungwa pamoja ambayo ni lazima tuyatenganishe. La kwanza ni kama mafuta haya yanaweza kuibeba nyumba yako. La pili, ambalo limejificha mwishoni, ni kwamba umechoka na unatafuta mlango wa kutokea. Nitajibu yote mawili, lakini jibu la swali lako la wazi nalitanguliza: usiache kazi mwezi ujao. Sisemi hivyo kwa sababu biashara yako ni ndogo au haina maana. Nasema hivyo kwa sababu ile 11,500 uliyoiandika si faida, na uamuzi wako wote umesimama juu yake.

Twende polepole kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Umetoa malighafi peke yake kwenye bei ya kuuzia. Mafuta hayamfikii mteja yakiwa mkononi mwako: yana chupa, kifuniko, lebo na mfuko wa kufungashia. Gharama hizo hukuzitaja, kwa hiyo nakadiria 2,200 kwa chupa, nawe uweke tarakimu yako halisi. Unasema unapeleka bure ndani ya Dar, lakini dereva wa bodaboda anayetoka Tabata kwenda Mbagala au Tegeta hapeleki bure. Tuchukulie wastani wa 4,000 kwa safari, nyingine zikiwa chini ya hapo na nyingine juu zaidi. Matangazo ya 175,000 ukiyagawa kwa chupa 70 ni 2,500 kwa kila chupa. Kisha kuna chupa zinazovuja, za kuonjesha, na zile safari ambazo dereva anafika mlangoni mteja kazima simu. Hizo zote nazipa 600. Toa 6,500, toa 2,200, toa 4,000, toa 2,500, toa 600. Katika 18,000 zako imebaki 2,200, na bado hujajilipa wewe mwenyewe kwa usiku unaoutumia kuchemsha na kufungasha, wala hujalipa kodi.

Kwa chupa 70 za mwezi wa kawaida, kama zote zinapelekwa kwa bodaboda, unachobakiwa nacho ni 154,000. Na kwa hali ilivyo sasa, ili ufikie 1,400,000 ungehitaji kuuza chupa 637 kila mwezi, si 150. Najua tarakimu hiyo inashtua. Naomba usiifunge barua hapa, kwa sababu hesabu hiyohiyo inaonyesha pia mahali pa kushika.

Anza na usafiri. Mteja akilipa bodaboda mwenyewe, kwa bei uliyoipanga na kuitangaza kwa maeneo, mkononi mwako inabaki 6,200 kwa chupa, na idadi unayoihitaji inashuka kutoka 637 hadi 226. Utapoteza baadhi ya wanunuzi, ndiyo, lakini wengi wa watakaoondoka ni wale ambao wewe ndiye ulikuwa unawalipia ili wanunue. Wale wa mbali wape sababu ya kuchukua chupa mbili au tatu kwa safari moja. Wa mikoani wanajua tayari kwamba mzigo unapelekwa stendi ya Magufuli, Mbezi, na nauli ya mzigo ni yao.

Kisha tazama matangazo. Tangazo linalipiwa ili kumpata mtu mara ya kwanza. Anayerudi kwa sababu chupa imekwisha na nywele zimemridhisha hahitaji kutangaziwa; anatuma ujumbe tu. Kwa mteja wa namna hiyo unabakiwa na 8,700, na chupa 161 zinatosha kufikia mshahara wako. Unaona sasa kwamba ile 150 yako haikuwa ndoto ya mchana. Ilikuwa tarakimu iliyo karibu na ukweli, lakini ukweli wa biashara nyingine, yaani biashara ambayo usafiri unalipwa na mteja na karibu kila mnunuzi ni anayerudi. Biashara hiyo bado hujaijenga.

Sasa jiulize chupa moja inamtosha mtu kwa muda gani. Ikiwa ni miezi miwili, basi ili uuze chupa 161 kila mwezi unahitaji watu 322 wanaorudi bila kusukumwa. Hao 322 ndio biashara yako. Wafuasi 9,000 ni watu waliowahi kubonyeza kitufe, na katika hao wapo wanaouza mafuta kama wewe, wapo waliokufuata kwa sababu ya video moja, wapo walioko Nairobi au Muscat ambao hawatanunua kamwe, na mtandao wenyewe hauwaonyeshi wote kila unachoweka. Sisemi wafuasi hawana faida. Nasema hawawezi kuingia kwenye hesabu ya kuacha kazi.

Kuna jambo jingine uliloliandika kwa kupita, nami limenishtua kuliko yote: wengi wa wanunuzi wako ni wafanyakazi wenzako na ndugu. Mfanyakazi mwenzako ananunua kwa sababu anakukuta kwenye korido, anakuamini kama mfamasia wa hospitali anayoijua, na mzigo anaupokea mkononi bila bodaboda. Siku utakapokabidhi kitambulisho cha kazi, duka hilo la korido litafungwa siku hiyohiyo. Maana yake ni kwamba kuacha kazi hakutakuongezea muda tu, bali kutakupunguzia pia soko ulilonalo leo. Kwa hiyo, kuanzia wiki hii, fungua daftari au jedwali kwenye simu, na kila mnunuzi umwandikie namba, eneo, tarehe, alikujuaje, na hii ni mara yake ya ngapi. Wenzako na ndugu waweke ukurasa wao. Baada ya miezi michache utajua ni wageni wangapi walirudi mara ya pili na ya tatu, na hiyo ndiyo tarakimu ya kumwonyesha mume wako.

Desemba iache pembeni kabisa. Watu wa Dar es Salaam wananunua Desemba kwa sababu ya sikukuu, safari za kwenda nyumbani na harusi, na Januari fedha yote inakwenda kwenye ada na sare za shule. Kipimo chako kiwe ni miezi sita mfululizo yenye Januari ndani yake.

Namba za simu za wateja ni mali yako kwa namna ambayo wafuasi si mali yako. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora nchini kwa siku kadhaa, na aliyekuwa na namba za wateja wake aliweza kuwatumia ujumbe wa kawaida wa simu na kupokea malipo kwa simu kama kawaida. Ukikusanya namba, fahamu tu kwamba tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika: mwombe mteja ridhaa, usizigawe namba zake, na anayetaka kuondolewa mwondoe. Na tafadhali, bei iandike wazi. Ule mtindo wa kumwambia kila mtu aje inboksi kuuliza bei unawachosha hasa wale wenye nia ya kununua.

Sasa nije kwenye sheria. Kusajili jina BRELA ni hatua nzuri, lakini haitoshi. Jina la biashara halikupi ulinzi wa nembo; mtu mwingine anaweza kusajili nembo hiyohiyo kama alama ya biashara, nawe ukabaki na cheti cha jina tu. Alama ya biashara inasajiliwa BRELA hiyohiyo kwa maombi ya peke yake, na usajili huo ni wa Tanzania Bara. Zanzibar wana wakala wao, BPRA. Leseni ya biashara, kwa kuwa uko Tabata, utaifuata Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, nayo inakutaka uwe umeshapita mamlaka ya mapato, TRA. Huko TRA fahamu jambo moja linalowakwaza wengi waliotoka kwenye ajira: mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100 hukadiriwa kodi ya mapato kwa mauzo, si kwa faida. Ukiuza chupa 161 kwa mwezi, mauzo yako ya mwaka ni karibu milioni 35, na kodi itatazama hizo milioni 35 hata kama ulichobakiwa nacho ni kidogo. Ndiyo maana nakusihi usiongeze mauzo ya chupa zinazokubakizia 2,200. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, isikutie hofu, kwa kuwa kiwango cha kulazimika kujisajili ni mauzo ya milioni 200.

Jambo zito zaidi ni bidhaa yenyewe. Tangu mwaka 2019, mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ilipogeuka kuwa mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, usimamizi wa vipodozi na chakula ulihamia shirika la viwango, TBS. Mafuta ya nywele ni kipodozi, kwa hiyo bidhaa yako na eneo unalotengenezea vinapaswa kusajiliwa TBS, na jiko ambalo asubuhi linapika uji wa watoto haliwezi kupita ukaguzi kama eneo la uzalishaji. Kabla ya kukata tamaa, nenda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Shirika hili lipo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama wewe: linatoa mafunzo, lina maeneo ya uzalishaji, na barua yake ya utambulisho humfungulia mjasiriamali mdogo utaratibu maalumu wa TBS. Njia nyingine ni kuzungumza na kiwanda kidogo kilichokwisha kusajiliwa, kikakutengenezea kwa fomula yako na kwa mkataba ulioandikwa.

Na hapa naomba nikuambie kwa upole lakini bila kuficha: futa maneno kwamba mafuta yako yanatibu mba na kuotesha nywele. Wewe ni mfamasia, unajua kwamba kutibu ni dai la dawa, na dai hilo linaihamisha bidhaa yako kutoka TBS na kuipeleka TMDA, ambako utatakiwa kuthibitisha unachosema. Mwuzaji mwingine anaweza kusingizia kutojua, wewe huwezi, na usajili wako katika Baraza la Famasi una thamani kubwa mno kuuhatarisha kwa ajili ya maelezo ya picha ya Instagram. Sema mafuta yanalainisha, yanang'arisha, yanapunguza ukavu wa ngozi ya kichwa, kama ndivyo yanavyofanya.

Hapo ndipo ningependa mama aelewe kwamba hukusoma bure. Soko letu limejaa chupa zisizo na namba ya toleo wala tarehe ya kuisha, na mikorogo ambayo aliyeichanganya hajui alichoweka. Wewe unajua kwa nini bidhaa yenye maji huota vijidudu isipowekewa kihifadhi sahihi, na kwa nini mafuta matupu huchacha haraka kwa joto la Dar yakikaa kwenye chupa angavu dirishani. Unajua kuandika kumbukumbu za kila toleo ili mteja mmoja akilalamika ujue chupa nyingine zilizotoka kwenye sufuria hiyohiyo ziko wapi. Hilo ndilo litakalomrudisha mteja, na ndilo ambalo washindani wako wengi hawawezi kuliiga. Lakini mama yako naye ana haki ya kuogopa, kwa sababu ameona kilichogharimiwa.

Chupa za China ziache kwa sasa. Mwenye kiwanda atakutaka uagize maelfu kwa mkupuo, na fedha hiyo italala bandarini na baadaye chini ya kitanda chako kwa miezi. Zaidi ya hayo, TBS watakapokagua lebo watataka ioneshe viambato, namba ya toleo, tarehe na mambo mengine, na chupa iliyokwisha kuchapwa maneno huwezi kuirekebisha. Nunua chupa za kawaida Kariakoo kwa kiasi cha mwezi mmoja, bandika lebo ya karatasi, na subiri usajili ukamilike.

Kuhusu NSSF, wengi wanaishi na picha ya zamani. Kwa utaratibu uliofuata mageuzi ya mwaka 2018, fao la kukosa ajira ni la mtu aliyepoteza kazi, halikuwekwa kwa ajili ya aliyeamua mwenyewe kujiuzulu. Michango yako haipotei, lakini usiihesabu kama mtaji. Tena una miezi ipatayo 132 ya kuchangia, na pensheni inataka isiyopungua 180. Umebakiza miaka minne tu, kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote nenda ofisi ya NSSF uulize namna ya kuendelea kuchangia ukiwa umejiajiri. Kumbuka pia kwamba mwajiri anakuchangia sehemu yake juu ya mshahara, na kwamba bima ya afya ya kazini itakoma pamoja na ajira. Ukiweka hayo kwenye mizani, tarakimu unayopaswa kuifikia inazidi 1,400,000. Na akiba ya milioni 6 isiingie kwenye mzigo wala isitumike kama dhamana ya mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno. Hiyo ni chakula na ada ya watoto kwa miezi ambayo biashara itayumba, na itayumba.

Njia ziko tatu. Kuacha sasa hivi nimeshasema siikubali. Kubaki ulipo hadi biashara ikomae ni salama kwa fedha, lakini kwa uchovu ulionieleza sidhani kama utafika. Njia ninayoiona inakufaa ni ya kati, na taaluma yako inakuruhusu kuliko taaluma nyingine nyingi: kila famasi nchini inatakiwa kuwa na mfamasia msimamizi, na zipo zinazotafuta. Kazi hiyo, yenye zamu za mchana na mzigo mwepesi zaidi, inaweza kukulipa sehemu ya mshahara wako wa sasa huku ikikuachia jioni na usingizi wa usiku. Ninachokuomba ni kwamba uifanye kweli. Kuna wanaotundika cheti ukutani na kupokea fedha bila kuonekana dukani, na wagonjwa ndio wanaoumia.

Kuhusu kutolala, usilichukulie kama jambo la biashara. Sheria ya ajira inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kama hujaichukua, iombe sasa, na katika siku hizo usichemshe mafuta usiku. Ukipumzika na usingizi ukarudi, utajua kilichokuwa kinakusumbua ni zamu. Ukipumzika na bado hulali, au ukajikuta moyo unakwenda mbio, unalia bila sababu au huoni maana ya kuamka, muone daktari ana kwa ana. Usijiandikie dawa ya usingizi kwa kuwa iko karibu na mkono wako. Uamuzi wa kuacha kazi unaofanywa na mtu asiyelala wiki nzima haufai kuaminiwa, hata kama baadaye utaonekana sahihi.

Kabla ya yote hayo, soma mkataba wako wa kazi, hasa kifungu kinachozungumzia biashara binafsi na mgongano wa maslahi, kwa kuwa unauza bidhaa kwa wafanyakazi wenzako ndani ya jengo la mwajiri. Kama lugha yake inakutatiza, mpelekee wakili au afisa kazi akusomee. Ni mazungumzo ya saa moja. Na siku ya kuondoka itakapofika, fahamu kwamba kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inataka notisi isiyopungua siku 28, mikataba mingine inataka zaidi, na kwamba kiinua mgongo cha kisheria cha siku saba kwa kila mwaka wa kazi ni cha aliyeachishwa na mwajiri, si cha aliyejiuzulu. Ukitoka bila notisi unaweza kudaiwa mshahara wa kipindi hicho, na fedha hiyo itatoka kwenye ile milioni 6.